Upimaji wa Umbali kwa Mwanga wa Leza

Mpima ardhi anayetaka kujua umbali kati ya vilima viwili vilivyotengana kwa kilometa 20 hawezi kutandaza mnyororo juu ya mabonde, mito na mashamba ya watu. Kwa muda mrefu njia iliyotumika ilikuwa ya kuzunguka. Ulichaguliwa mstari mmoja mfupi kwenye uwanda, ukapimwa kwa uangalifu mkubwa, kisha umbali mwingine wote ukakokotolewa kutokana na mstari huo kwa kupima pembe za pembetatu zilizofuatana kutoka kilima hadi kilima. Kwa njia hiyo ulijengwa mnyororo mkuu wa pembetatu unaofuata meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, ukipitia magharibi mwa Tanzania na Uganda. Pengo lake la mwisho, lililokuwa Sudani, lilizibwa mwaka 1954.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba kosa la mstari wa kwanza hurithiwa na pembetatu zote zinazofuata. Ndiyo maana mstari huo ulipimwa kwa nyaya za invari, yaani mchanganyiko wa chuma na nikeli uliogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, ambao hurefuka kidogo sana upatapo joto. Waya wa kawaida ulikuwa na urefu wa meta 24. Kwa hiyo mstari wa kilometa 10 ulidai waya utandazwe zaidi ya mara 400, na kila mara joto lake lisomwe na kuandikwa.

Makala haya yanaeleza jinsi waya huo ulivyopokonywa kazi yake na mwanga, na jinsi kazi hiyo ilivyolazimu kwanza kusahihishwa kwa namba moja iliyokuwa ikiaminiwa katika vitabu vya fizikia.

Ugumu wa kuuwekea mwanga saa

Wazo lenyewe ni jepesi. Mwanga hupelekwa kwenye kioo kilichowekwa juu ya kilima cha pili, nao hurudi. Muda wa safari ukijulikana, na kasi ya mwanga ikijulikana, umbali ni nusu ya kasi mara muda.

Ugumu unatokana na kasi hiyo. Katika sekunde moja mwanga huenda karibu kilometa 300,000. Safari ya kwenda na kurudi kwenye kilima kilicho umbali wa kilometa 15 humalizika katika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Mpima ardhi anayetaka umbali wake usikosewe hata kwa sentimeta moja anahitaji kutambua tofauti ya muda iliyo sawa na sekunde moja iliyogawanywa kwa bilioni 15. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kubonyeza saa kwa wepesi huo.

Mwaka 1849 mwanafizikia Mfaransa Hippolyte Fizeau alipata njia ya kuikwepa saa. Alipitisha mwanga kati ya meno ya gurudumu lililokuwa likizunguka, akaupeleka kutoka Suresnes hadi Montmartre, umbali wa meta 8,633, na kuurudisha kwa kioo. Gurudumu lilikuwa na meno 720. Lilipozunguka polepole, mwanga uliopita katika mwanya mmoja ulirudi na kuukuta mwanya bado uko wazi. Lilipofikia mizunguko 12.6 kwa sekunde, mwanga uliorudi ulikuta jino limeshakaa mahali pa mwanya, na mtazamaji akaona giza. Kwa kuhesabu meno na mizunguko, Fizeau alipata kasi ya mwanga iliyozidi ile ya kweli kwa karibu asilimia 5 tu.

Katika jaribio hilo umo msingi wa vyombo vyote vinavyoelezwa hapa. Mwanga wenyewe hauna alama ambayo jicho linaweza kuifuata. Lakini ukikatwakatwa kwa mpigo ulio sawasawa, hubeba alama, na alama hiyo inaporudi huweza kulinganishwa na alama inayotoka.

Gurudumu lisilo na meno

Gurudumu la chuma haliwezi kukata mwanga mara milioni nyingi kwa sekunde. Kifaa cha kufanya hivyo kilitokana na ugunduzi wa John Kerr, mwalimu wa Glasgow, mwaka 1875. Kerr alionyesha kwamba umeme wenye nguvu hubadili namna kitu kiangavu kinavyopitisha mwanga.

Ili jambo hili lieleweke, msomaji na afikirie kamba ndefu iliyopitishwa katika uwazi wa ua wa fito zilizosimama wima. Kamba ikitikiswa juu na chini, wimbi hupita kati ya fito. Ikitikiswa kushoto na kulia, wimbi huzuiwa. Mwanga nao huweza kuchujwa hivyo. Kichujio cha kwanza huacha mtikisiko wa upande mmoja tu, na kichujio cha pili, kikiwekwa kukingama na cha kwanza, huuzuia huo uliobaki. Hakuna mwanga unaotoka.

Sasa kati ya vichujio hivyo viwili kiwekwe chombo chenye maji ya nitrobenzini na mabamba mawili ya umeme. Umeme usipokuwapo, giza hubaki. Mabamba yakitiwa volti elfu kadhaa, nitrobenzini hugeuza upande wa mtikisiko wa mwanga, na sehemu ya mwanga hupenya kichujio cha pili. Umeme ukipanda na kushuka mara milioni kumi kwa sekunde, mwanga nao hung'aa na kufifia mara milioni kumi kwa sekunde. Kifaa cha namna hii, kinachoupa mwanga mpigo kwa amri ya umeme, huitwa modyuleta.

Mpima ardhi aliyesahihisha kasi ya mwanga

Mtu aliyekifanya kifaa hicho kuwa chombo cha kupimia nchi ni Erik Bergstrand, mpima ardhi wa Sweden. Katika miaka ya 1940 alitumia chombo cha Kerr kuupa mwanga mpigo, akaupeleka kwenye kioo kilichokuwa mbali, na kuupokea kwa seli ya nuru, ambayo hugeuza mwanga kuwa umeme. Usikivu wa seli hiyo nao ulipandishwa na kushushwa kwa mpigo ule ule. Mwanga uliorudi ukiwa na mpigo unaolingana na wa seli ulitoa umeme mwingi. Uliorudi ukipishana nao ulitoa umeme kidogo. Hivyo kuchelewa kwa mwanga kulisomwa kwenye mita ya umeme, bila saa.

Hapo Bergstrand alikabiliwa na swali lisiloepukika. Chombo chake kilitoa muda. Ili muda ugeuzwe kuwa umbali, ilibidi kasi ya mwanga ijulikane kwa hakika. Mwaka 1941 mwanafizikia wa Marekani Raymond Birge alikuwa amepitia vipimo vyote vilivyofanywa, akapendekeza kilometa 299,776 kwa sekunde, na kukadiria kwamba kosa halizidi kilometa 4 hivi. Namba hiyo ndiyo iliyokubaliwa.

Bergstrand aliigeuza hesabu. Alichukua mistari ambayo urefu wake ulikuwa umekwisha kupimwa kwa nyaya za invari, akaipima kwa mwanga, na kutafuta ni kasi gani inayoufanya muda ukubaliane na urefu. Jibu alilolitoa kufikia mwaka 1950 lilikuwa takriban kilometa 299,793 kwa sekunde. Namba ya vitabuni ilikuwa imepungukiwa na kilometa 17, yaani zaidi ya mara nne ya kosa lililokadiriwa.

Kilometa 17 katika 299,793 zaweza kuonekana kuwa si kitu. Lakini kosa hilo ni sawa na sentimeta 5.7 katika kila kilometa moja. Katika mstari wa kilometa 30 hufikia meta 1.7, umbali unaotosha kuweka nguzo ya mpaka ndani ya shamba la jirani. Kama angeiamini namba ya vitabuni, mpima ardhi angalitoa ramani mbaya kuliko zile za waya.

Bergstrand hakuwa peke yake. Huko Uingereza, Louis Essen alifanya mawimbi ya redio yavume ndani ya chombo cha chuma ambacho ukubwa wake ulijulikana kwa hakika, na mwaka 1950 alipata kilometa 299,792.5. Njia mbili zisizo na uhusiano, moja ya mwanga nje uwandani na nyingine ya redio ndani ya maabara, zilifikia mahali pamoja. Mwaka 1957 namba 299,792.5 ilikubaliwa kimataifa.

Mapema katika miaka ya 1950 kampuni ya AGA ya Sweden ilianza kuuza chombo cha Bergstrand kwa jina la Geodimeter. Chombo cha kwanza kilikuwa na uzito wa takriban kilo 100, na ili kufika mbali kilitumiwa usiku, kwa kuwa taa yake ilizidiwa na mwanga wa jua.

Saa yenye mishale mitatu

Jinsi umbali unavyosomwa huweza kufahamika kwa mfano wa saa ya ukutani. Mshale wa dakika peke yake hueleza kwa usahihi kwamba ni dakika ishirini na mbili, lakini hausemi ni ya saa ngapi. Mshale wa saa hueleza saa, lakini si rahisi kusoma dakika kwa mshale huo. Mishale yote miwili pamoja hutoa jibu kamili.

Mwanga wenye mpigo nao uko hivyo. Ichukuliwe kwamba kasi ni kilometa 300,000 kwa sekunde, ili hesabu iwe nyepesi. Mwanga ukipigwa mara milioni 15 kwa sekunde, umbali kati ya mng'ao mmoja na unaofuata ni meta 20. Kwa kuwa mwanga huenda na kurudi, kila meta 10 za umbali huurudisha mpigo mahali pale pale ulipoanzia. Chombo husoma tu salio, yaani sehemu ya mpigo iliyozidi mizunguko kamili. Sehemu hiyo huitwa awamu. Kama awamu inaweza kusomwa hadi sehemu moja ya elfu, salio la meta 10 hujulikana kwa usahihi wa sentimeta moja. Lakini chombo hakijui ni meta 10 ngapi zimepita.

Kwa hiyo mpigo hubadilishwa. Ukipunguzwa hadi mara 150,000 kwa sekunde, mzunguko mmoja huwa kilometa 1. Ukipunguzwa hadi mara 15,000, huwa kilometa 10. Na tuseme kilima kiko umbali wa meta 4,637.28. Masomo yatakuwa kama ifuatavyo:

Mpigo wa 15,000: takriban kilometa 4.64.
Mpigo wa 150,000: takriban meta 637.
Mpigo wa milioni 15: meta 7.28.

Somo la kwanza hutoa maelfu, la pili hutoa mamia na makumi, na la tatu hutoa meta na sentimeta. Yakiunganishwa hutoa meta 4,637.28. Mpigo wenyewe hulindwa na fuwele ya kwatzi, kama ile iliyomo ndani ya saa ya mkononi, kwa sababu mpigo ukienda mrama, rula yenyewe hurefuka au hufupika.

Leza na fuwele

Taa ya kawaida hutawanya mwanga wake kila upande na katika rangi nyingi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman, Marekani, mwaka 1960, na mwishoni mwa mwaka huo huo ilipatikana leza ya gesi za heli na neoni inayotoa mwanga mfululizo. Mwanga wa leza una rangi moja, nao huenda kama uzi bila kutawanyika sana. Kwa hiyo kichujio chenye kupitisha rangi hiyo tu huweza kuwekwa mbele ya seli ya nuru, na jua la mchana halizibi tena alama. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 Geodimeter yenye leza iliweza kupima makumi ya kilometa, mchana na usiku.

Modyuleta nazo zilibadilika. Nitrobenzini ni sumu, na hudai volti nyingi. Mahali pake palichukuliwa na fuwele ambazo tabia yake ilichunguzwa na Mjerumani Friedrich Pockels mwaka 1893. Katika fuwele hizo badiliko la mwanga hulingana moja kwa moja na volti, jambo linalorahisisha kuzitawala. Mojawapo ni niobati ya lithiamu. Njia nyembamba ya mwanga ikichongwa ndani yake, volti chache tu hutosha kuugeuza mwanga mara bilioni nyingi kwa sekunde. Modyuleta za jamaa hii ndizo pia zinazoandika habari juu ya mwanga wa nyaya za kioo zilizolazwa baharini, kama zile zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Kubadili rangi badala ya nguvu

Hadi hapa kilichopandishwa na kushushwa ni nguvu ya mwanga. Wasikilizaji wa redio wanajua kwamba kuna njia nyingine. Stesheni za FM huacha nguvu ya wimbi ilivyo, zikabadili idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde, idadi inayoitwa marudio. Mwanga nao ni wimbi, na marudio yake huweza kubadilishwa, ama ndani ya leza yenyewe, ama kwa modyuleta iliyo mbele yake. Jicho halioni badiliko hilo, kwa maana rangi hubadilika kwa kiasi kidogo mno.

Njia hii hufanya kazi hivi. Marudio ya leza hupandishwa taratibu na kwa usawa, mfano wa filimbi inayopanda sauti. Mwanga uliorudi kutoka kwenye kitu ni wa zamani kidogo kuliko unaotoka sasa, hivyo marudio yake ni ya chini kidogo. Miale miwili ikichanganywa juu ya seli ya nuru, hutokea mapigo ambayo idadi yake ni tofauti ya marudio ya miale hiyo. Mpiga gitaa huyasikia mapigo ya namna hii anapolinganisha nyuzi mbili ambazo bado hazijakubaliana.

Mfano: marudio yapandishwe kwa bilioni moja katika muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kitu kilicho umbali wa meta 150 hurudisha mwanga baada ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Katika muda huo marudio yamekwisha kupanda kwa milioni moja. Mapigo milioni moja kwa sekunde, basi, maana yake ni meta 150. Mapigo milioni mbili ni meta 300. Kuhesabu mapigo kama hayo ni kazi nyepesi kwa vyombo vya umeme.

Kuna tahadhari moja. Kitu kikiwa chenyewe kinasogea, mwendo wake nao hubadili marudio ya mwanga unaorudi, kama honi ya gari inavyobadili sauti linapopita. Kwa leza ya infraredi yenye wimbi la sehemu 1.55 za elfu ya milimeta, mwendo wa meta moja kwa sekunde huongeza au hupunguza mapigo milioni 1.3 hivi, kiasi cha kuharibu kabisa somo la umbali. Tiba yake ni kupandisha marudio na kisha kuyashusha. Umbali huathiri mipando na mishuko kwa namna moja, bali mwendo huongeza mapigo upande mmoja na kuyapunguza upande wa pili. Kutokana na masomo mawili hupatikana majibu mawili: kitu kiko wapi, na kinakwenda kwa kasi gani. Hiyo ndiyo sababu ya njia hii kutafutwa sana na watengenezaji wa magari yanayojiongoza.

Hewa, adui asiyeonekana

Leza iwe bora namna gani, mwanga wake lazima upite hewani, na hewa huuchelewesha. Kwenye usawa wa bahari ucheleweshaji huo ni karibu sehemu 3 katika elfu kumi, yaani karibu sentimeta 30 katika kilometa moja. Kiasi hicho hutegemea joto na kanieneo ya hewa. Mstari wa kilometa moja ukipimwa Mombasa na mwingine ulio sawa nao ukipimwa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, chombo kisichosahihishwa kitatoa majibu yanayotofautiana kwa takriban sentimeta 4. Kukosea joto la hewa kwa digrii moja hukosesha umbali kwa milimeta moja katika kila kilometa. Kwa sababu hiyo mpima ardhi hubeba kipimajoto na barometa pamoja na leza.

Mahali ambapo milimeta hizo zina uzito mkubwa ni California, kwenye ufa wa San Andreas, ambako pande mbili za ardhi hupishana kwa zaidi ya sentimeta 3 kwa mwaka. Pale ambapo ufa umekwama, ardhi hujikunja mpaka ifyatuke kwa tetemeko. Ili kupima mikunjo hiyo kwa Geodimeter, wataalamu walirusha ndege kando ya mwanga ili isome joto na unyevu wa hewa njia nzima. Huko Parkfield, kuanzia mwaka 1984, kilitumika chombo chenye leza mbili, nyekundu na ya buluu. Hewa huchelewesha buluu zaidi kuliko nyekundu, na tofauti hiyo hueleza ni kiasi gani cha hewa kimepitiwa. Hivyo mwanga ulifanywa kuwa shahidi wa kosa lake wenyewe.

Watabiri walikuwa wametarajia tetemeko la Parkfield kabla ya mwisho wa mwaka 1992. Lilikuja tarehe 28 Septemba 2004, bila ishara ya wazi iliyotangulia. Vipimo vilieleza kwa uaminifu jinsi ardhi ilivyosogea. Havikuweza kuitaja siku.

Rula na kipimwa vyabadilishana mahali

Bergstrand aliipima kasi ya mwanga kwa urefu uliotokana na waya. Mwaka 1972 watafiti wa Boulder, Marekani, walipima marudio na urefu wa wimbi la leza kwa usahihi uliofanya meta yenyewe, kama ilivyofafanuliwa wakati huo, ionekane kuwa sehemu dhaifu ya hesabu. Waya ulikuwa umeshindwa na mwanga hata katika maabara.

Kwa hiyo mwaka 1983 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kwamba kasi ya mwanga katika ombwe haitapimwa tena. Iliwekwa kuwa meta 299,792,458 kwa sekunde kamili, na meta ikafafanuliwa kuwa umbali ambao mwanga huenda katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Tangu siku hiyo, kila mpima ardhi anayesimamisha leza yake juu ya miguu mitatu haulinganishi mwanga na rula. Anahesabu muda, anaisahihisha hewa, na rula inapatikana kutokana na mwanga.